Je, Haipathredingi Huongeza Kasi Maradufu?

Mtahiniwa, ukiulizwa kama haipathredingi huongeza kasi ya kompyuta, usikimbilie kujibu "ndiyo". Kwa maoni yangu, katika uigaji wa kisayansi, kama ule wa utabiri wa hali ya hewa, mara nyingi mbinu hii husaidia kidogo, na wakati mwingine hupunguza kasi.

Anza kwa kufafanua istilahi. Haipathredingi ni mbinu iliyoletwa sokoni na Intel mwaka 2002. Huwezesha kiini kimoja cha kichakataji kuendesha nyuzi mbili za maelekezo kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kompyuta yenye viini 4 huonyesha 8. Hata hivyo, viini havijaongezeka. Nyuzi hizo mbili hutumia sehemu zilezile za kukokotoa na kumbukumbu ndogo ileile ya haraka, yaani kache.

Chukua mfano wa wapishi wawili wenye jiko moja. Mmoja anapokata vitunguu, mwenzake hubandika sufuria, na jiko halikai bure. Lakini wote wakitaka kukaanga saa ileile, lazima mmoja asubiri.

Uigaji mwingi unafanana na wapishi wa kundi la pili. Programu huzidisha na kujumlisha namba za desimali mamilioni kwa mamilioni, bila kupumzika. Kama imeandikwa vizuri, uzi mmoja tu hutosha kuzishughulisha sehemu za kukokotoa. Uzi wa pili ukiingia, hugombea kache na mwenzake, na data huanza kufuatwa mbali, kwenye kumbukumbu kuu.

Wanaoitetea mbinu hii nao wana hoja. Uzi mmoja unaposubiri data, wa pili huitumia nafasi hiyo, hivyo hata baadhi ya uigaji hunufaika. Intel yenyewe ilitaja ongezeko la hadi asilimia 30 katika programu za seva. Itaje hoja hiyo katika jibu lako, kisha uipime: asilimia 30 si 100, na kazi za seva si uigaji.

Uamuzi wa haki hutokana na kipimo. Endesha uigaji uleule kwa nyuzi 4, kisha kwa nyuzi 8, ulinganishe dakika zilizotumika. Hitimisha hivyo. "Ndiyo" au "hapana" pekee si mjadala. Alama zimo katika sababu.