Mtungi Usio na Mwenyewe

Katika nyumba zetu za mwambao, mtungi wa maji una mwenyewe. Yupo anayeujaza, anayeufunika, anayesuuza kata kabla ya kuchota, na anayemkaripia mtoto atiaye mkono ndani. Lakini tufungapo safari ya mbali kwa gari la njia mbaya, twanywa siku nne maji ya tangi ambalo hatujapata kulifunua, wala hatumuulizi mtu lilioshwa lini.

Sisi tulifunzwa na likizo moja ya Agosti, tulipotoka Malindi kwenda kuwazuru jamaa zetu Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Gari la kukodi lilikuwa imara, magurudumu yake mapya, na nyuma, karibu na dirisha, limefungwa tangi jeupe la lita 60. Tulilinywa njia nzima, tukalijaza tena Marsabit, kisha tukaingia jangwa la Chalbi. Nyanya yao watoto alikuwa amepakia dumu la lita 5 la maji aliyoyachemsha nyumbani. Tulimcheka kwa kubeba mzigo juu ya mzigo.

Usiku wa kwanza jangwani, mwana wetu wa miaka 4 alianza kuharisha na kutapika. Pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini tulikuwa nazo, lakini pakiti hizo hazina kazi bila maji safi. Tulipofungua bilula ya tangi, harufu ya tope ikatupiga usoni. Tukamulika tochi ndani: kuta zote zimevaa utando wa kijani. Hata ziwa tuliloliendea, kwa ukubwa wake wote, lina maji ya magadi. Kilichotuvusha hadi alfajiri ni dumu la nyanya, kijiko baada ya kijiko. Mtoto alipona, na hakuna aliyecheka tena.

Tangu siku ile, tangi la gari limeingia katika hesabu ya jikoni mwetu. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu tunavyolitunza.

Kwanza, twauliza asili yake. Plastiki iliyopata kuhifadhi mafuta ya taa au dawa za shambani haisafishiki, hata ikisuguliwa kutwa. Tangi liwe la kuhifadhia chakula au maji, na liwe la rangi nzito au livikwe kitambaa kizito, kwa kuwa utando wa kijani huota penye mwanga.

Pili, twaliosha siku mbili kabla ya safari. Twamwaga maji ya zamani yote, twasugua panapofikika kwa brashi na sabuni, kisha twasuuza. Baadaye twalijaza maji yenye klorini ya kung'arishia nguo isiyo na manukato. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 5, mililita 1 kwa kila lita hutosha. Yaani mililita 60 kwa tangi la lita 60. Twafungua bilula hadi harufu ya klorini itokee, ili dawa ipite na katika mpira, kisha twafunga na kuacha usiku kucha. Asubuhi twamwaga na kusuuza mpaka harufu iishe.

Walio na visima vya maji ya chumvi huona ukoko mweupe ndani ya tangi. Siki huulainisha. Lakini siki na klorini kamwe zisikutane, kwani huzaa hewa ya sumu. Osheni kwa kimoja, suuzeni vyema, na kingine kingoje siku nyingine.

Tatu, twapakia kwa busara. Lita 60 ni kilo 60. Zikiwekwa juu ya paa, gari hupepesuka penye mabonde. Tangi likae chini, lifungwe kwa mikanda. Tundu lake la kupumulia lisizibwe, bali lifunikwe kwa chujio dogo la kuzuia vumbi. Wala maji yote yasiwe katika chombo kimoja, kwani jiwe moja likitoboa tangi, safari nzima imekauka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nne, maji tuliyoyajazia njiani hatuyaamini kwa macho. Yaliyo na tope twayachuja kwa kitambaa safi, kisha twayachemsha mpaka yatokote kwa dakika 1 nzima kabla ya kunywa. Na maji yakipungua, kinywa hutangulia: mwenye maji ya kunywa pekee ana ruhusa ya kutayamamu, wala asimnyime mtoto maji kwa ajili ya udhu.

Tano, turudipo nyumbani hatuliachi na maji ndani. Twalimwaga, twaacha mfuniko wazi chini ya kitambaa chepesi mpaka likauke kabisa. Utando ule wa kijani haukuota kwa siku moja. Uliota katika maji yaliyosahauliwa na waliosafiri kabla yetu.

Dereva ana injini, magurudumu na njia, hayo yamtosha. Kabla gari halijaondoka mlangoni, mmoja wenu nyumbani aseme, "Tangi hili ni langu," alifungue, alinuse na alimulike. Nyumbani kwetu kazi hiyo ameishika nyanya, na dumu lake la lita 5 bado linapakiwa kabla ya mizigo yote.