Simu si Yaya, Wala Kuimba si Dhambi



Wiki iliyopita tulikuwa kwenye arobaini, na bado jambo moja limetukaa rohoni. Kichanga kinalia, mama mtu kaanza kumwimbia, shangazi akamkata palepale: "Nyamaza, usimzoeshe mtoto miziki!" Punde tu, shangazi yuleyule kamwekea mtoto simu usoni, katuni zinapiga makelele. Jamani!

Tunajua wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu ala za muziki, na huko hatuingii. Anayejizuia na ajizuie. Lakini sauti ya mama si ala. Tena imo katika Sahihi Bukhari: wasichana wawili waliimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Abubakar akawakemea, na Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache. Sasa sisi ni nani hata tumzibe mdomo mzazi anayembembeleza mwanawe?

Mtoto huisikia sauti ya mamake tangu tumboni, na akizaliwa anaitambua. Simu haimtambui. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019 kwamba aliye chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa. Hilo shangazi hakulisikia.

Miezi ya mwanzo mpakate, mtazame usoni, mwimbie polepole. Kisha nyamaza kidogo. Akiguna, mjibu, hayo ndiyo mazungumzo yake. Akishaweza kukaa, kwenye miezi sita hivi, mpe vifuu viwili vya nazi vilivyosuguliwa vizuri avigonganishe, au mwiko na sufuria (mama mkwe atalalamika, mwache alalamike). Chupa ndogo yenye kunde ndani nayo inatosha kuwa kayamba, ila mfuniko ufunge kwa gundi na utepe na usimwache nayo peke yake, maana kunde moja ikimpalia ni msiba. Akikaribia mwaka atapiga makofi pamoja nawe, na wimbo ukisimama atakudai uendelee.

Nanyi mabibi harusi, mnatuandikia kuuliza vyombo, udi, mapazia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutuuliza nyimbo za kubembeleza, na mabibi zetu wanaondoka nazo. Kabla ya harusi, kaa na bibi yako jioni moja, muombe akuimbie zile alizombembelezea mamako. Zirikodi, kwa hilo simu ina kazi. Na kama sauti yako mbaya kama zetu, imba hivyohivyo, mtoto hajali.