Je, Mbwa Naye Akatiwe Bima?



Juma hili tunaligusa jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, pengine hata la kuchekesha. Mzee mmoja wa hapa Sekei, mstaafu mwenye mbwa wawili wa kulinda nyumba, alitujia na simu mkononi. Binti yake anayeishi Ujerumani alikuwa amemwandikia kwamba huko amemkatia bima mbwa wake, akamshauri baba yake naye atafute bima ya namna hiyo hapa Arusha, kwa kuwa mwaka uliotangulia mzee alimpoteza mbwa kwa homa ya kupe baada ya kutumia fedha nyingi kumtibu. "Baba Paroko," akatuuliza, "jambo hili lina maana, au ni mambo ya Wazungu tu?" Tukamwomba atupe muda wa kulitazama.

Kwanza tuondoe kicheko. Bima ya wanyama si upuuzi wa matajiri wa siku hizi. Huko Uswidi ilianza mwaka 1890 kwa ajili ya farasi na mifugo ya wakulima, na mbwa wa kwanza akakatiwa bima mwaka 1924. Uingereza ilifuata mwaka 1947. Marekani ilingoja hadi mwaka 1982, na mkataba wa kwanza ukatolewa kwa Lassie, mbwa wa televisheni. Katika nchi hizo mbwa akivunjika mguu hupigwa picha, hufanyiwa upasuaji na kulazwa, na gharama yake inaweza kupita mshahara wa mwezi mzima. Mwenye mbwa hulazimika kuchagua kati ya deni na sindano ya kumwua mnyama. Mtu aliyewekwa mbele ya uchaguzi huo anayo sababu ya kukata bima, wala tusimcheke.

Hata karibu nasi jambo hili limejaribiwa, ingawa si kwa mbwa. Mwezi Januari 2010, huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wafugaji walianza kuuziwa bima ya mifugo yao dhidi ya ukame. Hakuna aliyekwenda kuhesabu mizoga. Satelaiti ilipima ukijani wa malisho kutoka angani, na malisho yakipungua kupita kiwango kilichowekwa, wenye bima walilipwa. Mfugaji akipoteza ngamia na mbuzi wake amepoteza benki yake, ada ya shule ya watoto wake na mahari ya kijana wake. Bima ina kazi hasa pale ambapo hasara ikitokea familia haitainuka tena kwa nguvu zake yenyewe.

Sasa turudi kwa mbwa wa mzee wetu. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kampuni inamtoza shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kila mbwa. Kwa mwaka ni 120,000, na kwa mbwa aliyeishi miaka kumi ni 1,200,000. Kutokana na fedha hizo kampuni italipa matibabu, na pia mishahara ya watumishi wake, pango la ofisi na faida ya wenye hisa. Kwa hiyo kwa wateja wote kwa pamoja haina budi kukusanya kuliko inavyolipa, vinginevyo itafungwa. Huo si wizi, ndivyo bima ilivyo. Lakini anayelipa yampasa ajue kwamba ananunua utulivu wa moyo, hawekezi.

Tena mikataba ya namna hii ina maandishi madogo. Kwa kawaida haimlipii mbwa ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kusajiliwa. Huweka majuma kadhaa ya kungojea kabla ya kuanza kulipa. Humtaka mwenye mbwa abebe sehemu ya kwanza ya gharama yeye mwenyewe. Mbwa akizeeka, yaani wakati ule hasa anapougua, ada hupanda. Chanjo na dawa ya kupe mara nyingi hazimo kabisa, kwa sababu ni gharama inayojulikana kwamba itakuja, na bima ni kwa ajili ya lile lisilotazamiwa.

Hapo ndipo tulipoanza kuona jibu. Mbwa wa Sekei huuawa na nini? Huuawa na homa ya kupe, na minyoo, na ule ugonjwa wa kuhara damu unaofagia watoto wa mbwa, na distempa, na magari ya barabara kuu ya Moshi. Ukiacha gari, karibu yote hayo huzuiwa kwa kitu cha bei nafuu kinachotolewa mapema: chanjo, dawa ya minyoo, kuogeshwa kwa dawa ya kupe. Mzee wetu alitumia fedha nyingi katika siku nne za mwisho za mbwa wake, ilhali dawa ya kupe ya mwaka mzima ingemgharimu kiasi kidogo cha fedha hizo. Anayeweka kando shilingi elfu chache kila mwezi katika kibubu au katika VICOBA, akazitumia kwa kinga kwanza na matibabu baadaye, atakuwa amefanya karibu kila ambacho bima ingemfanyia, na kinachobaki ni chake. Tungesema vingine kwa mwenye mbwa wa thamani kubwa, kama wale waliofunzwa kunusa meno ya tembo au kufuata nyayo za majangili katika hifadhi zetu. Huyo amewekeza, na alipe bima akiipata.

Je, tuishie hapo? La. Binti wa mzee, bila shaka bila kukusudia, alikuwa amegusa jambo zito zaidi. Huko Ujerumani kuna bima mbili za mbwa, nazo hazifanani. Moja humtibu mbwa, nayo ni ya hiari. Nyingine humlipa jirani aliyeumwa na mbwa huyo, au aliyeangushwa naye barabarani. Na katika baadhi ya majimbo, kama Berlin, Hamburg na Niedersachsen, sheria humlazimisha kila mwenye mbwa kuwa nayo. Wenzetu hao wamekiri kwamba hatari kubwa ya kufuga mbwa haimwangukii mwenye mbwa. Humwangukia mpita njia.

Nasi hapa mpita njia ni mtoto anayekwenda shule saa kumi na mbili alfajiri, giza halijaisha, akipita kwenye lango ambalo mbwa wake ameachwa wazi usiku kucha. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Duniani hukadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na kwa Tanzania watafiti walipata kukadiria vifo 1,500 hivi kwa mwaka. Kati ya wanaokufa duniani, takriban wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Aliyeumwa yampasa kuosha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kukimbilia hospitali kwa sindano kadhaa zinazopangwa kwa siku maalumu. Sindano hizo, pamoja na nauli za kwenda na kurudi, ni ghali mara nyingi kuliko chanjo moja ya mbwa. Tumewahi kuona familia ikiuza mbuzi ili kumalizia dozi za mtoto, na mwenye mbwa akikaa kimya nyuma ya ukuta wake. Kimya hicho kilituudhi, na bado kinatuudhi.

Mtu atasema, "Hao ni mbwa koko, hawana mwenyewe." Tafiti zilizofanyika katika nchi yetu zimeonyesha vinginevyo: mbwa wengi wanaozurura wana nyumba wanakolala na mtu anayewatupia makombo. Kwa hiyo wanaweza kushikwa na kuchanjwa, na pakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa mahali, kichaa hukosa njia ya kuenea. Wala madhara hayaishii kwa watu. Mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wanasayansi wakaihusisha na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Kwa mji unaoishi kwa watalii, kama huu wetu, hiyo nayo ni hesabu ya fedha.

Maandiko yanalijua jambo hili. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamwajibisha mwenye ng'ombe mwenye desturi ya kupiga kwa pembe, ikiwa alionywa naye asimfunge. Na Katekisimu, katika namba 2418, inakataza kumtesa mnyama bila sababu, na papo hapo inasema haifai kumtumilia mnyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza shida za watu. Wengine hushika nusu ya kwanza tu, wengine nusu ya pili tu. Sisi tunaposhauriana na familia huuliza swali moja la wazi: bibi aliyemo ndani ya nyumba hiyo ana bima ya afya? Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na bado tunakutana na nyumba ambazo mbwa ana dawa kabatini na bibi hana kadi. Huyo bibi aanze. Lakini asitumiwe kama kisingizio cha kumwacha mbwa na kupe masikioni, kwani yule mbwa aliyeandamana na Tobia safarini hakuachwa njiani.

Basi mzee wetu tulimjibu hivi: asitafute bima ya matibabu ya mbwa, awachanje wote wawili kila mwaka dhidi ya kichaa, na atunze kadi zao, awaogeshe kwa dawa, atengeneze lango lifungike, na likitokea la kutokea, asingoje kuitwa kwa mwenyekiti wa mtaa ndipo amlipie mtoto wa watu sindano. Alicheka, akasema lango litamgharimu kuliko bima. Huenda ni kweli.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, lakini hatuna haja ya kuingojea. Jumuiya ndogondogo ambazo zingependa kumwita mtaalamu wa mifugo kwa pamoja zimpe katibu wa parokia idadi ya mbwa wao, wakiwamo wa majirani wasio Wakatoliki, maana akija mara moja kwa mbwa thelathini, nauli yake hugawanyika. Mbwa waletwe wamefungwa kamba, na waletwe na watu wazima.