Mjumbe wa Nyumbani

Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilifungwa Uganda nzima kuanzia tarehe 13 hadi 18. Abuku, kama kwingineko, ujumbe wa WhatsApp haukufika hata chumba cha pili.

Familia yenye kompyuta ya mezani na Wi-Fi yaweza kujiwekea seva yake ya ujumbe. Programu ya Openfire hutolewa bure, nayo hufanya kazi katika Windows. Ipakue mapema, intaneti ingalipo. Ukiisha kuiweka, fungua kivinjari kwenye mlango 9090, chagua hifadhidata ya ndani, weka neno la siri la msimamizi, kisha uandikishe kila mtu wa nyumba. Kompyuta nyingine, zikiwa na programu ya Spark, huingia kwa mlango 5222.

Mlango 9090 usiufungue kwa walimwengu: mwaka 2023 iligunduliwa kasoro iliyowawezesha wageni kupita humo bila neno la siri. Sasisha programu kila mara.

Baba aliye kambini mbali hatafikiwa kwa njia hii. Huyo apigiwe simu. Na kompyuta isiachwe isinzie: mjumbe akilala, barua nazo hulala.