UHALIFU UMEPUNGUA WAPI, MITAANI AU KWENYE DAFTARI?

KILA mwaka Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hutoa kitabu cha takwimu za uhalifu, na hesabu ikishuka vigogo wanapigiana makofi. Sisi vijana wa Kayanga, Omurushaka na Nkwenda tunauliza: ni uhalifu upi huo uliopungua?

Kitabu hicho kinahesabu makosa yaliyofika kaunta ya kituo na kuandikwa, basi. Chukua kijana wa bodaboda wa Kyerwa aliyeibiwa pikipiki usiku. Kituo kiko mbali, na akifika anaambiwa gari halina mafuta. Saa hizo pikipiki imeshavuka Murongo, iko Kikagati, Uganda. Mwenzake akiibiwa wiki ijayo hajisumbui. Anakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, au inapigwa yowe watu wanamalizana wenyewe kwa wenyewe. Kwa Serikali, huyo wa pili hakuibiwa! Binti aliyebakwa ndiyo kabisa: wazee wanakaa kikao, mbuzi anatolewa, fomu ya PF3 haiandikwi.

Njoo kwenye kahawa, hapo ndipo penye mchezo wenyewe. Magendo hayana mlalamikaji. Aliyeuza kafurahi, aliyenunua kafurahi, nani aende kituoni? Kosa linaingia kwenye hesabu pale tu askari anapoamua kukamata. Sasa sikiliza. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwasimamisha kazi Mkuu wa Polisi wa Wilaya ya Kyerwa na mkuu wa kituo cha Murongo, kwa tuhuma za kushiriki magendo hayo hayo ya kahawa. Tuhuma si hukumu, sawa. Lakini anayetuhumiwa ndiye aliyeshika kalamu ya kuhesabu! Mtahiniwa kajisahihishia mtihani, halafu tunaambiwa eti kafaulu.

Ramani nayo ina mambo yake. Mwaka 2012 Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe, na Chato ikatolewa Kagera kwenda mkoa mpya wa Geita. Anayekulinganishia Kagera ya 2010 na ya leo bila kutaja hilo anakupiga changa la macho.

Ukitaka kuhesabu mwenyewe je? Septemba 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa jinai kutangaza takwimu za kutilia shaka zile za Serikali. Kelele zikapigwa ndani na nje ya nchi, na mwaka 2019 wakalegeza. Hesabu gani hiyo safi inayolindwa kwa jela?

Tunachodai hakigharimu bei ya ndege. NBS, bila askari pembeni, ipite kaya kwa kaya kuanzia Kihanga hadi Kaisho, iulize: mwaka huu umefanyiwa uhalifu gani, uliripoti wapi, ukajibiwa nini? Majibu yabandikwe kwenye kila ofisi ya kata, tuyaweke kando ya kile kitabu chao. Wakubwa wa Bukoba na Dodoma, mnaogopa nini?