Bundi wa Sokoke na Rangi za Watoto

Wako wazazi huku pwani ambao wakisikia mtoto kapewa rangi shuleni achore mnyama, humtoa darasani siku hiyo hiyo. Hatuwalaumu. Kuchora chenye roho ni jambo zito, na masheikh wetu wana kauli zao. Lakini Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alipoendewa na mchoraji aliyekula kwa kazi hiyo, alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho.

Basi mwalimu naye aanzie hapo. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi, yuko bundi mdogo wa kiasi cha sentimita 16, ambaye wataalamu hawakumwandika mpaka mwaka 1966. Wako wa kijivu na wa rangi ya kutu, na akitulia kichakani utampita usimwone. Mtoto akikichora kichaka hicho barabara, vivuli vyake, majani makavu na mwanga unaopenya, amekwisha kujua bundi hujifichaje, na bundi mwenyewe hakumchora. Aliyeruhusiwa na wazee wake ataongeza macho mawili ya manjano. Asiyeruhusiwa ataacha kichaka kama kilivyo, na mwalimu asimpunguzie alama.