Jezi ya Bukavu Ishonwe Bukavu



Hata siku Muungano inacheza na Bukavu Dawa, uwanjani utaona jezi za Barcelona na Chelsea. Makuta yetu yanaenda mbali, mafundi wa kushona wa Kadutu wanabaki bila kazi, na sisi wenye diplome tuko nyumbani.

Tuungane nao. Jezi 15 zinatosha kwa kuanza. Onyesha mchoro kwa simu. Wanaoitaka walipe avansi, na avansi hiyo njo inanunua kitambaa. Ukichapa mipira kwa serigrafi, kila rangi inataka fremu yake: anza na rangi moja, bei ibaki chini.

Lakini mchoro uwe wetu: peninsula tano za mji ndani ya Ziwa Kivu, ao majina ya Ibanda, Kadutu na Bagira. Anayeiga nembo ya mwingine anamtangaza mwingine.

Na kwa wanaokusanya kodi tunasema hivi: kijana wa jezi 15 asitozwe kama mwenye duka kubwa. Kodi moja, bei inayojulikana, na risiti mkononi.

Diplome hailiwi. Kazi tuianzishe wenyewe, kisha tuilinde pamoja.